Mbuzi watano kwa chupa moja

Najua nimekuwa kimya. Ni miezi minne sasa sijaandika kitu, na sababu si uvivu peke yake (ingawa uvivu nao upo). Nilikuwa nyumbani Lorugum, na kabla ya hapo nilikuwa nimezama kwenye ule ugonjwa wangu ambao wanaonifahamu wanaujua: amplifaya za valvu. Leo nataka niwape kisa chote, maana kuna rafiki zangu wameniuliza zaidi ya mara moja kama ni kweli nilitoa pesa za mbuzi watano kununua chupa ya kioo inayofanya kazi ambayo daiodi ya shilingi chache inaweza kuifanya.

Ni kweli. Na hesabu ya mbuzi si yangu, ni ya mama. Nilimtajia shilingi, yeye akanyamaza kidogo, akanirudishia jibu kwa mbuzi.

Ngoja nianze na wale wasiojua haya mambo. Amplifaya yangu ni Leak Stereo 20, mashine ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Niliinunua Nairobi kutoka kwa familia iliyokuwa inahama na kuuza vitu vya marehemu babu yao. Ina valvu nane. Nne ni EL84, ndizo zinazosukuma spika. Tatu ni ECC83, zinazokuza sauti ikiwa bado ndogo. Ya nane haigusi muziki kabisa. Inaitwa GZ34, na kazi yake ni rektifaya.

Stima ya ukutani inakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Valvu zinazokuza sauti haziwezi kula stima ya namna hiyo, zinataka inayokwenda upande mmoja tu, tena yenye volti 300 na kitu. Rektifaya ndiye bawabu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto, kathodi, na pembeni kuna bamba lisilopashwa, anodi, na kati yao hakuna kitu, hata hewa imenyonywa. Kathodi ikipata moto, elektroni zinaruka kuelekea anodi. Kurudi haziwezi, kwa sababu anodi haina moto wa kuzirusha. Basi hapo umeshapata mlango wa njia moja. Edison aliliona jambo hili kwenye taa zake katika miaka ya 1880 na hakulipatia kazi kubwa. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni ya Marconi, akachukua hataza ya valvu ya kwanza, na ilikuwa ni hii hii: daiodi ya kioo. Vyote vilivyofuata, redio, rada, hadi kompyuta za kwanza, ni wajukuu wa ile chupa. Sisi waandika programu tunapenda kusema babu yetu ni Turing, lakini bila Fleming Turing angebaki na karatasi na kalamu.

Kufikia miaka ya 1960 daiodi za silikoni zilikuwa zimeanza kuwafukuza mabawabu wa kioo. Silikoni ni ndogo kama punje ya mchele, haihitaji kupashwa moto, na inapoteza volti moja hivi tu. GZ34 inapoteza kama 17 ikifanya kazi kwa nguvu, na 5U4G, ambayo ni ya zamani zaidi, inapoteza zaidi ya 40. Halafu kuna gharama ya kuipasha: GZ34 inakula volti 5 na ampea 1.9. Zidisha mwenyewe. Wati 9.5 zinaishia kwenye joto kabla hata noti moja ya muziki haijalia. Kwetu Lorugum taa moja ya sola ya wati 5 inaangazia nyumba nzima na watoto wanafanyia kazi ya shule.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake anunue hii kitu leo?

Kwa sababu wapenda muziki wanasema inasikika. Wanasema silikoni ni kavu na ina makali, ila rektifaya ya kioo inatoa sauti yenye joto, yenye hewa, yenye nafasi kati ya vyombo. Na si kioo chochote. Inayotafutwa ni GZ34 ya Mullard iliyotengenezwa kiwanda cha Blackburn, Uingereza, miaka ya 1950 na 1960. Ya kitako cha chuma inauzwa mamia ya dola, na ukipanda hadi Western Electric 274B ya zamani, hapo sitaki hata kutaja mbuzi, tuongee ngamia.

Nami nikanunua. Si ya kitako cha chuma, ile ya kawaida, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mbali kwenye mtandao. Ilifika imefungwa vizuri, jina la Mullard limeandikwa kwa rangi nyeupe iliyokoza. Nikaiweka, nikakaa chini, nikasikiliza. Wadau, nilisikia hewa. Nilisikia nafasi kati ya vyombo. Niliandika kwenye daftari langu aya tatu nzima za kuisifu.

Lakini mimi kazi yangu ni programu, na kazini hakuna anayekubali maneno "naona kama imekuwa haraka zaidi" bila kupima. Kwa hiyo nikajifanyia mtihani. Nilikuwa na vitu vitatu: Mullard yangu, GZ34 mpya ya bei nafuu niliyoiweka kama spea, na kitako tupu cha valvu nilichokijaza daiodi za silikoni pamoja na rezista, ili volti zishuke zilingane na za Mullard. Hilo la kulinganisha volti ni muhimu sana. Ukichomoa kioo ukachomeka silikoni bila rezista, volti zinapanda, na hapo hulinganishi tena kioo na silikoni, unalinganisha mashine mbili tofauti. Nadhani nusu ya ubishi wote wa jambo hili unatoka hapo.

Nikaandika kaprogramu kadogo ka kuchagua kwa bahati nasibu na kuhifadhi majibu. Mpwa wangu, aliyekuwa likizo ya shule, ndiye aliyebadilisha, amplifaya ikiwa imefunikwa kitambaa na mimi nikiwa nje. Mullard au silikoni. Mara 16. Ilituchukua wikendi mbili kwa sababu kila mara lazima uzime, ungoje ipoe (aliungua kidole mara moja, nikamnunulia soda), uwashe, ungoje ipate moto.

Nilipata 9 kati ya 16.

Kwa wasiopenda hesabu: mtu anayerusha sarafu bila kusikiliza chochote atapata 9 au zaidi mara 4 katika kila majaribio 10. Ningehitaji angalau 12 ndipo niwe na uso wa kuwatazama. Na zile mara nilizokuwa na uhakika kabisa, nikasema "hii ni kioo, naapa", ndizo nilikosa zaidi.

Nisieleweke vibaya. Wapiga gitaa hawasemi uongo. Amplifaya ya gitaa inasukumwa hadi inalia, na hapo mpigaji akigonga nyuzi kwa nguvu volti za rektifaya ya kioo zinalegea kisha zinarudi polepole, sauti inajikunja kama mtu aliyekalia godoro. Hiyo inasikika, na hata asiyejua kitu ataisikia. Gitaa za rumba zilizorekodiwa Léopoldville miaka ya 1950 zilipitia mashine za namna hii. Lakini sebuleni, ukisikiliza kwa sauti ya kawaida, Leak haifiki popote karibu na kulegea.

Ungedhani baada ya hapo ningeacha. Sikuacha. Mullard ilibaki ndani ya amplifaya, kwa sababu tayari nilikuwa nimeilipia, na kwa sababu ile rangi ya chungwa ndani ya kioo usiku ni nzuri. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, na naona si mbaya kuisema.

Sasa twende Lorugum.

Kwa wasiopajua, Lorugum iko magharibi ya Lodwar, upande wa Loima, karibu na mto Turkwel. Ukitoka Lodwar unapita mchanga, mikoma, mathenge, halafu mchanga tena. Kazi ilikuwa imenileta Kakuma kwa wiki tatu, kuhamisha data ya shirika moja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, na nikaona badala ya kurudi Nairobi moja kwa moja nipite nyumbani na Leak kwenye buti ya Probox, imefungwa ndani ya blanketi mbili. Spika nilizifunga juu.

Sababu ya kubeba kilo zote hizo ilikuwa kaseti. Mwaka 1988 baba yangu aliimba wimbo wa maksai wake, na nyimbo nyingine kadhaa, na ndugu yake mdogo akamrekodi kwa redio kaseti aliyokuwa nayo akifanya kazi Lodwar. Wanaume wa Kiturkana huimbia maksai wao, ni jambo la kawaida kwetu kama watu wengine wanavyoimba kuhusu mapenzi. Baba alifariki 2011. Kanda ilibaki kwenye sanduku la mama. Miaka michache iliyopita niliichukua, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaisafisha, nikamwekea mama kwenye simu. Nilijivunia kazi ile. Mvumo wote wa kanda uliondoka, sauti ikawa safi kama imerekodiwa jana.

Mama alisikiliza mara moja. Akasema, "Ni yeye, lakini yuko mbali." Hakuomba tena kusikiliza.

Neno hilo lilinikaa. Nikajiambia, bila shaka ni ile spika ya simu, ndogo kama ukucha. Nitamletea mashine ya kweli. Na ndani kabisa ya moyo wangu, mtihani wa sarafu na yote, nilikuwa nafikiri: na Mullard ikiwemo.

Tulifika jioni. Inveta ya sola ya nyumbani ni ile ya bei rahisi ambayo mawimbi yake ni ya ngazi ngazi, na transfoma ya Leak ilipoonja tu ikaanza kunguruma kama nyuki kwenye mtungi. Nikasema hapana, tutumie jenereta ya jirani. Ndugu yangu mdogo akaivuta hadi nyuma ya mathenge, mbali na nyumba, tukaunganisha waya mrefu. (Tatizo hili si geni. Hugh Tracey alipokuja Kenya 1950 kurekodi nyimbo, ndipo alipowarekodi wasichana wa Kipsigis na ule wimbo wa "Chemirocha", mashine zake zilikuwa za valvu na alilazimika kubeba jenereta yake mwenyewe. Kwa hiyo sauti nyingi za zamani za kwetu zilishapitia kioo na mafuta ya jenereta kabla mimi sijazaliwa.)

Multimita ilisema volti 262. Kichaguzi cha Leak kilikuwa kwenye 240. Nilipaswa kusimama hapo hapo. Sikusimama, watu walikuwa wamekaa, mama amevaa shanga zake zote, shangazi amekuja, watoto wa majirani wamejaa mlangoni. Nikawasha. Valvu zikapata moto, chungwa likatokea, watoto wakasema ooo. Nikaweka kaseti ya gospeli kujaribu kwanza. Dakika kumi, vizuri kabisa.

Kisha jenereta ikakohoa ikazima. Mafuta. Ndugu yangu, kijana mwepisi, alikuwa na chupa ya petroli mkononi tayari. Akamimina, akavuta kamba. Haikupita dakika moja.

Ndani ya Mullard ulipita mwanga wa buluu, kama radi iliyofungiwa kwenye gilasi. Pa! Fyuzi ikakatika. Giza. Mtoto mmoja akalia, wengine wakapiga makofi wakidhani ndiyo onyesho lenyewe.

Usiku ule sikulala vizuri, na kulipopambazuka nilikuwa najua kilichotokea. Jenereta ilipozima, kapasita ziliishiwa stima ndani ya muda mfupi kwa sababu EL84 zilikuwa bado za moto na ziliendelea kunywa. Kathodi ya rektifaya nayo ilikuwa bado ya moto. Stima iliporudi, rektifaya ikatakiwa kujaza kapasita tupu kwa mkupuo mmoja, ikiwa tayari imefunguka wazi, tena kwa volti za juu kuliko kawaida. Ikarusha cheche. Na kosa kubwa lilikuwa langu. Mwenye mashine kabla yangu aliweka kapasita ya kwanza ya maikrofaradi 100, nami nikaiacha nikidhani kubwa ndiyo bora. Karatasi ya GZ34 inasema wazi: isizidi 60. Nimewahi kuwagombeza vijana kazini kwa kutosoma maelezo ya maktaba wanayoitumia. Haya.

Nikachukua spiriti kuisafisha ile valvu nione kama kioo kimepasuka. Jina la Mullard likatoka na kitambaa. Chini yake kulikuwa na kivuli cha maandishi mengine. Mullard halisi ya Blackburn huwa na alama ndogo za kijivu zilizochorwa kwenye kioo karibu na kitako, zenye herufi B ya kiwanda. Yangu haikuwa na kitu. Kwa hiyo zile aya tatu za kusifu hewa ya Blackburn nilikuwa nimeandika juu ya chupa ya asili isiyojulikana iliyopigwa rangi. Nilicheka peke yangu pale chini ya mti, mama akauliza kuna nini. Ndipo nikamwambia bei, na ndipo ikaja ile hesabu ya mbuzi.

Nilikuwa na spea, ile GZ34 mpya. Lakini nikiichomeka vile vile ingekufa vile vile. Nikapanda bodaboda hadi barabarani, nikapata gari la Lodwar, nikaenda kwa fundi mmoja wa redio na televisheni, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ejoka, mzee."

"Ejok." Akaigeuza geuza Leak kama daktari wa mifugo anayemkagua ng'ombe wa kabila lingine. "Hizi niliziona nikiwa mwanafunzi. Sasa wewe kijana wangu, unataka kuifufua au unataka kuiweka makumbusho?"

"Nataka icheze kesho jioni."

"Basi toa hiyo chupa, weka daiodi. Hizi hapa, 1N4007. Nne, nakupa kwa bei ya chai."

Na hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu ile chupa kwa mara ya kwanza, kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na muziki. Nilichukua kalamu yake nikaandika kwenye boksi la balbu. Transfoma yangu inatoa takriban volti 300 kila upande. Daiodi ya silikoni inafunguka papo hapo unapowasha, wakati EL84 bado ni baridi na hazinywi kitu. Kwa hiyo kapasita zinapanda hadi kileleni mwa wimbi: 300 mara 1.414, yaani 424. Hiyo ni kwa 240. Kwa 262 za jenereta yetu inakuwa 463. Kapasita zangu zimeandikwa 450. Kila ukiwasha, kwa sekunde kumi au kumi na tano, unazipandisha juu ya mpaka wao. Rektifaya ya kioo haifanyi hivyo. Inapata moto polepole, karibu sambamba na EL84, na volti zinapanda kama mtu anayepanda ngazi huku akikuta wanywaji tayari mezani.

Mzee alitazama hesabu akavua miwani. "Kumbe chupa ni breki."

"Ni breki, mzee. Lakini breki yenyewe inakatika jenereta ikizima na kuwaka."

Alifikiri kidogo. "Basi weka zote mbili."

Ndicho tulichofanya, na nakiri wazo ni lake, ingawa baadaye nilikuta wenzetu wa nje wanalijua. Unaiacha valvu mahali pake, halafu chini ya kila anodi unafunga daiodi mbili za 1N4007 zikifuatana. Valvu inabaki na upole wake wa kuwaka, na kama ikitaka kurusha cheche kinyume, silikoni inaziba njia. Kwa kapasita, alifungua televisheni mfu akatoa ya maikrofaradi 100, akaifunga mfululizo na ile yangu. Mbili za 100 zikifuatana zinakuwa 50, chini ya ile 60 ya kwenye karatasi, na volti zinagawana. Akaweka rezista moja juu ya kila moja ili zigawane sawa. Kichaguzi tukakihamishia 250. Alilehemu kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, na alinitoza pesa ambazo kwa mbuzi hazifiki hata mguu.

Jambo moja kabla sijasahau: ukijaribu haya nyumbani, volti 400 za aina hii zinaua, na kapasita zinaendelea kuzishika hata waya ukiwa umechomolewa. Mzee alizimaliza kwa rezista kubwa na kupima kwanza kabla hajagusa kitu. Kama hujui kufanya hivyo, usifungue.

Jioni ya pili watu walikuwa wengi zaidi, habari za radi ndani ya gilasi zilikuwa zimesambaa. Tangi la jenereta limejazwa. Niliunganisha na pasi ya nguo kwenye waya ule ule ili jenereta ipate mzigo itulie. Volti zikashuka hadi 245. Nikawasha, tukangoja. Safari hii sikuunganisha kompyuta. Nilitaka kuicheza kanda yenyewe, kutoka kwenye deki ya kaseti, kwa sababu deki nilikuwa nayo na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka kuona ile mizani ndogo ikicheza.

Mvumo wa kanda ulijaa ua mzima. Nilijisikia vibaya, nilikuwa nimezoea faili yangu safi. Kisha kengele za mbuzi. Kisha baba.

Sitaeleza sana. Alikuwa mbele yetu, kifua na yote. Spika kubwa zina kazi yake, nadhani hizo ndizo zilizofanya sehemu kubwa. Shangazi aliitikia pale panapoitikiwa, na wanaume wawili wakubwa waliokuwa wakikaa kimya wakainua mikono kama pembe za maksai yule, zilivyokuwa zimepinda.

Wimbo wa pili ulipoisha pakawa na nafasi tupu kabla ya wa tatu. Mvumo tu. Halafu mtu akakohoa karibu sana na maikrofoni, na akasema neno moja la Kiturkana, la kumwambia baba aendelee.

Mama akashika mkono wangu. "Rudisha."

Nikarudisha. Kikohozi. Neno.

"Huyo ni baba yako mdogo," akasema.

Baba mdogo ndiye aliyeshika redio kaseti. Alifariki 1994. Hatuna picha yake hata moja, na mimi sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa. Mama akasema tena rudisha, na shangazi, ambaye ni dada yake, akasogeza kigoda chake hadi goti lake likagusa spika. Tuliirudisha nafikiri mara nane.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa mjinga. Wazo langu la kwanza lilikuwa: ni valvu! Mashine ya kioo imetoa kile ambacho simu haikuweza. Nilikuwa tayari kuja hapa kuwaandikia hivyo. Usiku, watu walipoondoka, nilifungua kompyuta nikatafuta dakika ile ile kwenye faili yangu safi. Hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na mvumo, hapakuwa na kengele, hapakuwa na kitu. Kimya kilichonyooka kama mstari.

Nilifungua mradi wa zamani kwenye Audacity nikaona nilichofanya. Ili programu iondoe mvumo, lazima kwanza uionyeshe mvumo peke yake unavyosikika. Nilikuwa nimechagua nafasi kati ya wimbo wa pili na wa tatu. Nikaiambia programu: hii ndiyo takataka, iondoe popote uikutapo. Ndani ya sekunde zile kulikuwa na pumzi ya baba mdogo aliyeshika maikrofoni. Kisha, nisipotosheka na hapo, nikaweka kizingiti cha kufunga kila kilicho chini ya kiwango fulani. Kikohozi kilikuwa chini ya kiwango. Na ile pumzi na kengele zilizokuwa nyuma ya sauti ya baba, zile zilizomweka uani kwetu, zikaondoka naye akabaki anaimba mahali pasipokuwa na mahali. Mama alikuwa ameshaniambia. Yuko mbali.

Sikuwa na faili ghafi. Nilikuwa nimeifuta kuokoa nafasi.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, niliingiza kanda upya. Sikugusa kitu. Deki, waya, kompyuta, betri. Leak ilikuwa imezimwa, ya nini kupoteza wati 9.5. Faili ina dakika 31, nimeiweka mahali patatu tofauti, na moja iko kwenye simu ya mama. Haina jina zuri, imeandikwa tarehe tu. Kikohozi kiko dakika ya 12. Mama hajui kupeleka faili mbele, kwa hiyo husikiliza kuanzia mwanzo mpaka afike.

Leak imerudi Nairobi na breki zake mbili na inafanya kazi. Ile Mullard ya uongo mama aliiomba. Ameitundika kwa uzi dirishani, na watoto wakija anawaambia hiyo ni mbuzi watano.